Mutu kaaguka nabasikeli

Kuna sentensi moja imenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Nikisahihisha ipo, nikiwa kwenye daladala ipo, nikilala ipo. Hii hapa, nimeinakili kama ilivyo:

*leonimeona mutu kaaguka nabasikeli kwenyematope*

Aliiandika binti mmoja wa darasa la pili, kwa kipande cha penseli kile ambacho kimebaki cha kushikia kwa ncha za vidole. Siku hiyo niliwaambia watoto kila mtu aandike kitu kimoja alichokiona njiani akija shule, na ubaoni sikuandika kitu, nikafuta hadi tarehe. Darasa likatulia. Wanasubiri. Maana wamezoea ubao ndo unaosema cha kuandika, sasa ubao mtupu wanaandika nini? Wengine wakachungulia kwa jirani, jirani naye anachungulia kwa jirani yake.

Binti huyu akainama akaanza. Anajisemesha huku anaandika, midomo inatembea, anafuta kwa kidole chenye mate, anaandika tena.

Pembeni yake kakaa kijana mmoja ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko wa baadhi yetu walimu, sitanii, herufi zimekaa juu ya mstari zote, mkia wa g umeshuka inavyotakiwa. Yeye aliandika: *Baba analima shamba.*

Nikamuuliza, leo asubuhi umemwona baba analima? Hapana mwalimu. Baba yako analima kwani? Hapana mwalimu, baba ni fundi. Sasa hii umeitoa wapi? Akanyamaza, afu akafunua kurasa za nyuma akanionyesha. Sentensi ile ile, ya juma lililopita, imenakiliwa kutoka ubaoni na ina vema nyekundu. Yaani aliambiwa aandike, akaenda kutafuta sentensi ambayo ana uhakika inapata vema.

Mwalimu mwenzangu akapita, akaangalia madaftari mawili yale, akasema huyu wa kiume anajua kuandika, huyu binti bado kabisa, mpe mazoezi ya mwandiko.

Hapo ndo nikaanza kusumbuka.

## Ba be bi bo bu

Tuseme ukweli kwanza, Kiswahili kinatupendelea sisi tunaofundisha kusoma. Irabu tano, na kila moja ina sauti moja popote utakapoikuta. Mtoto akishajua a ni a, haitamgeuka kesho. Mwaka 2003 kuna watafiti watatu, Seymour, Aro na Erskine, walitoa ulinganisho wa watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya, kila mmoja anajifunza kusoma kwa lugha ya kwao. Mwisho wa mwaka wa kwanza watoto wa Kifini, Kigiriki, Kiitaliano na Kihispania walikuwa wanasoma maneno ya kawaida kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Wale wa Kiingereza, ambao walipimwa Scotland, walikuwa kama asilimia 34. Hawakuwa wajinga, ni tahajia yao ndo vurugu. Kiswahili hakikuwemo kwenye ule utafiti ila tahajia yetu iko upande wa Wafini na Wahispania, hilo halina ubishi.

Kwa hiyo kwetu mtoto anaweza kuanza kutamka maneno mapema tu. Raha sana kusikiliza.

Na ndo mtego wenyewe ulipo.

Ukipita nje ya darasa la kwanza saa tatu asubuhi utasikia ba be bi bo bu, da de di do du, kiranja kashika fimbo anagusa chati, watoto themanini na kitu wanaitikia kwa sauti moja, mwalimu mkuu anapita anatabasamu. Sasa ingia ndani, mwite mtoto mmoja, gusa *bo* peke yake. Wapo watakaokwambia bo hapo hapo. Wapo watakaokuangalia. Na wapo wa kundi la tatu, hawa ndo wananivutia, utawaona wanaanza kunong'ona chini chini ba... be... bi... wanapanda hadi wanafika, bo! Wanasema kwa nguvu. Wamepatia. Kwenye rekodi unaandika anajua silabi za b. Lakini huyu mtoto hajui bo, anajua mahali bo ilipo kwenye foleni. Mpe neno *boga* tuone.

Na hata akivuka hapo bado. Nimewahi kumsikiliza mtoto anasoma aya nzima bila kukwama hata mara moja, nikamuuliza nani alipotea kwenye hii hadithi, akaanza kuisoma upya tangu mwanzo, kwa spidi ile ile. Sauti zote anazo. Hadithi hana.

Gough na Tunmer waliliweka hili kwa hesabu ndogo mwaka 1986: kusoma ni uwezo wa kutambua maneno *mara* uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Mara, sio jumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata upande wa pili ungekuwa juu kiasi gani. Kwa lugha yenye tahajia vurugu mtoto atakwama mapema na kila mtu ataona. Kwa Kiswahili mtoto anaweza kutiririka mwaka mzima huku upande wa pili uko karibu na sifuri, hasa kama nyumbani anaongea Kisukuma au Kimasai na Kiswahili anakutana nacho getini, na sisi tunampigia makofi.

(Kuna na hili la kupima maneno kwa dakika, saa mkononi. Sipingi kupima. Ila mtu asije na idadi ya Kiingereza akaibandika kwetu. *Hatutawaambia* ni neno moja, hebu lihesabu kwa Kiingereza ni mangapi.)

## Tuirudie ile sentensi taratibu

Niliondoka na lile daftari siku ile. Nilimwomba, akakubali, ila aliniuliza kama nitalirudisha.

Anza na *mutu*. Mwambie mtoto apige makofi ya neno mtu. Atapiga mawili: m, tu. Yuko sahihi, ile m ni silabi kamili inayojitegemea, haina irabu na inasimama. Sasa mwonyeshe chati yetu ya silabi. Kuna ma, me, mi, mo, mu. M peke yake iko wapi? Haipo! Miezi yote tumemwambia kila silabi ina irabu mwishoni, tumemwimbisha hivyo, tumempa vema kwa hivyo, afu anafika kwenye *mtu* anatumia sheria ile ile tuliyompa, anachagua iliyo karibu zaidi na anachosikia, anaandika mu. Tunampa kosa.

Na wala hajaokota mu barabarani. Wasukuma na Wagogo wanasema munhu, Wahaya omuntu, Wanyakyusa umundu. Ile u ipo kwenye lugha nyingi za jirani zetu, ni Kiswahili ndo kimeimeza. Mtoto anayeisikia nyumbani kila siku ana sababu mbili za kuiandika, sio moja.

Halafu *mbwa* nako ni m-bwa, *nchi* ni n-chi, lakini *mbegu* ni mbe-gu, m pale haisimami peke yake. Sisi watu wazima hatulioni hilo kwa sababu tumeshazoea kuona maneno, hatuyasikii tena. Mtoto wa darasa la pili bado anayasikia.

Sasa *kaaguka*. Hii ilinishika zaidi. Angalia vizuri, ameandika a mbili. Ka-a-nguka. Anaongea kama watu wanavyoongea mtaani, kaanguka kwa maana ya ameanguka, na masikio yake yamezikamata a zote mbili, wakubwa wangapi wangeandika "kanguka" na kuendelea na safari? Alichopoteza ni n. Na kurasa tatu nyuma yake ameandika *nguo* bila shida. Nikamwita nikampa karatasi imeandikwa *anguka*, akasoma vizuri tu, anguka.

Kwa hiyo ng anaijua. Kwenye kusoma herufi ziko mbele yake zinamkumbusha. Kwenye kuandika hakuna wa kumkumbusha, inabidi alivunje neno mwenyewe kwa sikio, na n iliyobanwa katikati ya a na g inapita puani haraka haraka, unaisikia kama rangi ya ile a kuliko sauti yake yenyewe. Jaribu sasa hivi, sema anguka polepole. Sema na *aguka*. Ulimi umeenda wapi?

Ikabidi nikubali kitu ambacho sikuwa nimekifikiria hivyo kabla: kusikiliza mtoto akisoma kunanionyesha anachokitambua, ila alichokielewa kuhusu sauti za lugha nakiona pale anapoandika bila kuangalizia.

## Hata Marekani

Nikakumbuka jambo nililosoma zamani. Kuna mtafiti wa lugha wa Marekani, Charles Read, mwaka 1971 alitoa makala kuhusu watoto ambao hawajaanza shule na wameanza kujiandikia wenyewe nyumbani, hakuna aliyewafundisha tahajia. Akakuta makosa yao yana mpangilio. Moja ya mipangilio hiyo: wanaacha m na n zikiwa mbele ya konsonanti nyingine. Neno *bumpy* wakaliandika *bopy*, ile m imeenda.

Watoto wa bara jingine kabisa, lugha haina undugu na yetu, na wameangusha sauti ile ile mahali pale pale.

Nilipounganisha hayo mawili nilicheka peke yangu ofisini, mwenzangu akauliza nini, nikamwambia aguka. Akaniangalia tu.

Maana yake ni kwamba binti hakuzembea. Hiyo n ni ngumu kwa masikio ya umri ule, popote alipo. Kulijua hilo kunabadilisha unachokifanya Jumatatu asubuhi. Kumwandikisha *anguka* mara ishirini kutamfundisha anguka. Kesho ataandika *paga* kwa panga na *kweda* kwa kwenda, na utamwandikisha hizo nazo mara ishirini? Utamaliza lini?

## Maneno yaliyogandana

*Leonimeona. Nabasikeli. Kwenyematope.*

Hili watu wanalichukulia uvivu zaidi ya yote, eti mtoto haachi nafasi. Sasa nafasi ataitoa wapi? Tunapoongea hakuna nafasi kati ya maneno, tunatiririka, nafasi ni kitu cha kwenye karatasi. Hata Wagiriki na Warumi wa kale waliandika kwa muda mrefu herufi zote zimefuatana bila kuacha nafasi na walikuwa wasomi.

Na sheria zetu kwenye hili, jamani, tusijisifu. *Naye* unaunganisha. *Nami* unaunganisha. *Na baisikeli* unatenganisha. *Kwamba* neno moja, *kwa hiyo* maneno mawili. *Nimemwona* neno moja lenye mtu anayeona, wakati, na mtu anayeonwa, wote ndani. Mtoto aliyeandika nabasikeli amefuata mantiki ya naye. Wewe unayesoma hapa, lini mara ya mwisho uliandika "kwasababu" kwenye simu?

Tena huko kwenye simu ndo usiseme, kaka zao wanaandika *cjui* na *xaxa* na wanaelewana vizuri kabisa.

## Peni nyekundu

Sasa nifike kwenye kinachouma.

Mwenzangu alisahihisha seti moja ya madaftari yangu siku niliyokuwa kwenye semina. Ni mwalimu mzuri, ana moyo, anafika mapema kuliko wote. Akasahihisha kama tulivyofundishwa wote kusahihisha, kila kosa duara. Binti alikuwa ameandika sentensi nne siku hiyo kuhusu mbuzi wao aliyekula daftari la dada yake, sentensi ndefu, nzuri, kila mahali pamegandana. Ukurasa ukarudi umejaa wekundu.

Wiki iliyofuata nikawaambia tena, andikeni mlichokiona njiani.

Akaandika: *Nimeona baba.*

Nafasi imeachwa. Nukta ipo. Herufi kubwa ipo. Maneno mawili, yote salama. Akapata vema yake.

Nilikaa na lile daftari mkononi nikaona kijana wa Baba analima shamba ametokea wapi. Hakuzaliwa hivyo. Huenda naye siku moja aliandika habari za mbuzi.

Watoto wana akili sana ya kujua nini kinalipa. Kama kosa linaadhibiwa na kutothubutu hakuadhibiwi, hesabu ni rahisi, andika kidogo, andika kilekile, nakili. Afu tunawapokea darasa la tano tunasema hawa watoto hawawezi kutunga hata insha ya nusu ukurasa.

Mtaala ule wa 2015 ulipoweka nguvu zote za darasa la kwanza na la pili kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mimi nilifurahi, na bado naona ulikuwa uamuzi wa maana, watoto walikuwa wanabebeshwa masomo mengi kabla hawajaweza kusoma. Ila ile K ya kuandika, ukitembea madarasani, mara nyingi imegeuka kuwa mwandiko na imla. Kunakili ubaoni, kunakili kitabuni, kuandika anachotamka mwalimu. Mtoto anaweza kumaliza miaka miwili ya KKK bila kuandika sentensi hata moja ambayo mwalimu hakuwa anaijua tayari.

## Barua za bibi

Bibi yangu mzaa mama alisoma kisomo cha watu wazima. Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na nchi nzima ikaingia, chini ya miti, kwenye maghala, jioni baada ya shamba. Kufika katikati ya miaka ya themanini takwimu za serikali zilikuwa zinasema watu wazima 9 kati ya 10 wanajua kusoma na kuandika. Unaweza kubishana na takwimu, mimi nina ushahidi mwingine, nina barua.

Zote zinaanza vile vile. *Salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu.* Hapo tahajia safi kabisa, hiyo alifundishwa, ni ya kunakili. Baada ya "dhumuni la barua hii" sasa ndo anaanza kuongea mwenyewe, na hapo utakuta *gombe* kwa ng'ombe, utakuta *mutoto*, maneno matatu yamekamatana, nukta ni moja mwisho wa ukurasa. Na hapo ndo palipo na habari yote. Nani kauza shamba, nani anaumwa, nani aliahidi hela hajatuma.

Mama alikuwa anazisoma kwa sauti, hakuna siku nilimsikia anasema bibi kakosea. Alikuwa anajibu. Bibi akipata jibu anaandika nyingine, na nikizipanga kwa tarehe, za baadaye ng'ombe amepata n yake na kialama chake juu. Hakuna aliyemzungushia duara. Alikuwa anasoma majibu ya mama, anaona ng'ombe anavyoandikwa, anabadilisha.

Sasa sisemi madarasa yetu yageuke posta. Bibi alikuwa mtu mzima mwenye mambo yake, na aliandika miaka. Mtoto wa darasa la pili ana upimaji mbele yake na mwalimu mmoja kwa watoto themanini. Ila lile la kuwa na mtu anayesubiri kusoma ulichoandika, hilo nimeshindwa kulitupa.

## Nilichobadilisha

Vitu vichache tu, na vingine ni vya kizembe kiasi.

Kwanza niliongeza kadi. Kwenye chati ya silabi nimeweka m peke yake na n peke yake, pembeni, nje ya safu za irabu. Watoto wakauliza hii mbona haina mwenzake, nikawaambia hii inajitegemea, tukaitafutia maneno: mtu, mtoto, mke, mbwa, nchi, nta. Wenyewe wakaleta *mbu*. Mmoja akaleta *mbegu* na tukapiga makofi tukagundua hapana, pale haijitegemei, ukazuka ubishi wa darasa zima kuhusu makofi ya mbegu ni mawili au matatu. Ubishi huo ulikuwa na kelele kuliko ba be bi bo bu yoyote, na mwalimu wa jirani akaja kuchungulia kama kuna ugomvi.

Pili ni vizibo vya soda. Hii sio ya kwangu, mwanasaikolojia wa Kisovieti, Elkonin, alikuwa anawapa watoto visanduku vilivyochorwa na vitu vidogo vya kusukuma, kila sauti kitu kimoja. Mimi nachora visanduku sakafuni kwa chaki. *Panga*. Tunasema polepole sana, kila sauti kizibo kimoja kinaingia. Mwanzo wengi wanaweka p, a, g, a, vinne. Nawaambia bana pua useme tena. Ukibana pua ukasema panga, kuna mahali sauti inakwama, mahali pale ndo kuna kizibo hakijawekwa. Wanacheka mpaka wanalia, wanashikana pua wenyewe kwa wenyewe, lakini kizibo kinaingia.

Sijui nieleze vipi uso wa mtoto anapoikuta ile n.

Tatu, kwenye maandishi yao ya kujitungia nachagua kitu kimoja tu cha kusahihisha kwa wiki. Wiki ya m. Wiki ya nafasi. Mengine nayaona nayaacha, na pale chini najibu kwa sentensi moja, na mtoto aliyekosea neno nalitumia hilo neno kwenye jibu langu. *Huyo mtu aliumia?* nilimwandikia binti. Alinijibu hapo chini, kwa hiari yake, na jibu lilikuwa na *mtu* ya kwangu na *mutu* ya kwake kwenye mstari mmoja. Yuko katikati ya mto, acha avuke.

## Ninapokwama

Wazazi. Mama mmoja alikuja na daftari, kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, samahani mwalimu, naona daftari la mwanangu lina makosa na hujayasahihisha. Nilimweleza, akanisikiliza vizuri, akasema asante mwalimu, na nina hakika alipofika nyumbani aliyasahihisha yote mwenyewe. Sina ugomvi naye. Anaogopa kosa likizoeleka litaganda, na mimi mwenyewe naliogopa hilo usiku.

Maana kuna makosa yanaganda kweli. R na l zinaganda. *Hauna* na *huna*. Mtu anafika chuo anaandika *haujambo*. Je huyo aliachwa mno utotoni, au alisahihishwa mno akaacha kusikiliza? Nimelizungusha hili nimeshindwa kulimaliza. Ninachoegemea ni kwamba kosa linalotokana na sikio linaondoka sikio likifunzwa, na la kimazoea linahitaji kusemwa waziwazi, tena mapema. Kuyatofautisha mawili haya ndo kazi yenyewe, na haifanyiki ukiwa na rundo la madaftari themanini na kipindi kinachofuata kimeshagongwa kengele.

Na imla. Upimaji unapenda imla kwa sababu inasahihishika. Maneno kumi, kumi juu ya kumi, unajaza fomu. Kwenye imla ya mwisho yule kijana alipata tisa, binti akapata manne, na nikijaza fomu kwa uaminifu fomu inasema alichosema mwenzangu siku ile. Sio uongo. Tahajia ya kijana ni nzuri kweli na nisingependa aipoteze. Ila naye nina deni naye, pengine kubwa kuliko la binti, kwa sababu binti namjua amefika wapi, kijana simjui, amejificha nyuma ya mwandiko. Majuzi nilimwomba aniambie tu kwa mdomo baba yake anafanyaje kazi, akanieleza habari ya kupaua nyumba mpaka kengele ikalia, misumari ya aina gani, nani anashika ngazi. Nikamwambia andika hiyo. Akauliza, nikikosea "msumari" je?

Tuko hapo.

Afisa elimu kata alipita wiki mbili nyuma, akakuta nimebandika ukutani maandishi ya watoto na makosa yake. Akasoma la mbuzi, akacheka, afu akaniuliza kama kweli naona ni sawa wageni waone *daftali* ukutani shuleni. Nikamwonyesha tarehe, kila karatasi ina tarehe, na ya mwezi uliofuata iko pembeni yake. Akazilinganisha kadhaa. Akasema sawa, ila uandike juu kwamba ni kazi ya awali, watu wasije wakasema. Nimeandika.

Kwenye kikao cha walimu nimeomba nusu ya alama za kuandika za darasa la pili zitoke kwenye sentensi za kujitungia. Mwalimu wa taaluma akauliza swali la haki kabisa, nani atasoma madaftari themanini ya mutu na aguka kila wiki? Tumekubaliana makundi, watoto kumi na tano kwa wiki, na yule mwenzangu wa peni nyekundu ndo atakayesoma kundi la kwanza na mimi, kwa sharti moja alilolitoa yeye: mwandiko nao uhesabiwe. Tunaanza Jumatatu.